UZI: Tulimwambia mama "utapona" miezi yote, kumbe tulikuwa tunamziba mdomo

Binti wa Mikindani

Wanajamvi, salaam. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika kwa siku tatu, kwa sababu kila nikifika mahali fulani naiweka simu chini. Ninayemwandikia hasa ni yule anayeuguza mtu nyumbani sasa hivi, mgonjwa ambaye madaktari wameshamnyooshea mikono. Wengine karibuni pia.

Mama yangu alikuwa mchuuzi wa samaki Mikindani. Anayetokea Lindi kwenda Mtwara mjini anapaona: ghuba upande mmoja, mibuyu, kuta za mawe za zamani zilizobaki nusu. Alfajiri alishuka pwani kununua, mchana akakaanga, jioni akakaa na sinia lake kando ya barabara. Vilevile alikuwa na mikorosho kule Nanguruwe, ya upande wa bibi yetu, na hiyo mikorosho nitairudia.

Mwishoni mwa 2023 alianza kutoka damu. Alikuwa na miaka 58, hedhi ilishakoma zamani. Hakumwambia mtu. Baadaye akaja uchafu wenye harufu na maumivu ya kiuno. Zahanati moja ikampa dawa za yutiai mara tatu mfululizo bila kumpima huko kunakohusika. Jirani akasema ni chango la uzazi, akamchimbia mizizi. Mimi niko Mbagala, Dar es Salaam, ninachosikia kwenye simu ni "mgongo tu mwanangu, uzee."

Februari 2024 ndipo mtu alipompima inavyotakiwa. Kikatolewa kinyama kikaenda maabara, majibu yakarudi: saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya tatu. Tukapewa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam. Mionzi ikampata Machi na Aprili, akiishi kwangu. Ramadhani ilimkuta kwenye mionzi. Hakufunga hata siku moja, na hilo lilimuuma kuliko ugonjwa. Sikukuu ilipopita akasema anataka kurudi kwake.

Hajamaliza wiki mbili Mikindani, kikaja Kimbunga Hidaya mwanzoni mwa Mei, barabara ikakatika kule Somanga. Mabasi yamekwama huku na huku, mama yuko upande wa pili wa maji. Siku zile ndipo nilipopata wazo kwa mara ya kwanza kwamba mama anaweza kuondoka na mimi sipo. Nikalifukuza. Nilipompigia nikamwambia, "Mama utapona, barabara ikifunguka nakuja."

Julai damu ikarudi. Mguu wa kushoto ukavimba kuanzia pajani. Nikaomba ruhusa kazini, nikateremka. Kwenye hospitali tuliyompeleka (sitaitaja, na waliopo pale si wabaya wote) daktari alituita mimi na mdogo wangu wa kiume korido. Akasema maneno ambayo nadhani wengi humu mnayajua: "Mrudisheni nyumbani. Mpeni chochote anachotaka kula."

Mama alikuwa kwenye benchi, hatua kumi kutoka pale. Alikuwa anaangalia midomo yetu. Tukamwendea tunatabasamu. "Daktari amesema ni dawa tu mama. Utapona."

Hapo ndipo penye kosa ninalotaka kulisema.

Agosti yote ilikuwa ya maumivu. Alikuwa analala akiwa amepiga magoti, kichwa kwenye mto, kwa sababu ndivyo nyonga ilivyopoa kidogo. Panadoli ilikuwa kama maji. Na kulikuwa na harufu. Nasema wazi kwa kuwa watu hawalisemi: saratani hii ikifika mbali inatoa harufu ambayo hata udi hauishindi. Mama, mwanamke aliyekuwa anaoga mara mbili kabla ya kutoka na sinia ili asinuke samaki, akaamuru mlango wa chumba ufungwe. Hataki mtu. Somo yake, mwanamke waliyechezwa naye unyago mwaka mmoja, alikuja mara tatu, mara tatu akaishia barazani. Mjomba alikuwa haji hata bila kukatazwa, walikuwa hawasemezani tangu ugomvi wa ile mikorosho.

Yaani watu wote wa kumuaga walikuwepo, umbali wa kutembea kwa mguu, na hapakuwa na njia.

Mwanzoni mwa Septemba mtu akatuelekeza kwa muuguzi wa huduma shufaa. Neno hilo nilikuwa silijui. Ni huduma ya mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi, kazi yao ni kutuliza. Dada yule akaja hadi nyumbani. Hakuanza na dawa. Alikaa kwenye mkeka, akamshika mama mkono, akamuuliza: "Mama, wewe mwenyewe unauonaje ugonjwa wako?"

Mama akanitazama mimi kwanza. Akasema, "Watoto wanasema nitapona."

Muuguzi hakusema ndiyo wala hapana. Akaniambia nimsindikize nje, na huko nje akanipa mambo mawili. La kwanza mofini ya maji, chupa na sirinji isiyo na sindano ya kupimia. La pili vidonge vya metronidazo, hii tunayoita flajili. Akanionesha namna ya kuvisaga vikawa unga na kuuweka pale penye kidonda baada ya kumsafisha. Harufu ile inatoka kwa vijidudu vinavyoishi kwenye nyama iliyokufa, na flajili inawaua. Siku ya nne harufu ilikuwa imepungua kiasi kwamba mama aligundua mwenyewe. Akaomba kitana. Akaomba doti yake ya khanga mpya. Kisha akasema, "Fungueni huo mlango, joto."

Nimechoka kidogo, naendelea baadaye. Baada ya mlango kufunguliwa aliishi siku 26.

Nahodha Mstaafu

Pole sana dada. Mama yako nadhani nimekula samaki wake. Nipo nasoma.

Chuma cha Nachi

Nimekaa. Baba yangu yuko Nachingwea, ini. Tumemwambia ni vidonda vya tumbo. Endelea dada.

Binti wa Mikindani

Naendelea.

Kwanza mofini, maana ndiyo ilileta vita nyumbani. Mdogo wangu alipoona jina kwenye chupa akasema hiyo ni dawa ya kulevya, ndiyo wanayowapa watu kuwamaliza. Alitaka kuimwaga. Nikampigia muuguzi, akaongea naye kwenye simu karibu nusu saa bila kuonesha kuchoka. Ratiba ikawa: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, halafu saa nne usiku kipimo mara mbili ili alale hadi asubuhi bila kuamshwa. Hungojei maumivu yaje, unayatangulia. Na dawa ya kulainisha choo kila siku, kwa sababu mofini inafunga tumbo. Siku mbili za mwanzo alisinzia sana, mdogo wangu akanitazama kama muuaji. Siku ya tatu akaamka, akauliza bei ya changu pwani.

Sasa lile la kuziba mdomo. Mchana mmoja mama amekaa, mito mgongoni, akasema taratibu, "Nataka tuongee habari za sinia langu na ile mikorosho." Mdogo wangu akaruka: "Mama usijitabirie. Utapona, utauza mwenyewe." Nami nikaitikia, "Ndiyo mama, usiseme hivyo."

Mama akageukia ukutani.

Somo yake alikuwa mlangoni, ndiyo kwanza anavua ndala. Akasikia yote. Mwanamke yule hana sauti kubwa. Akasema, "Tokeni. Tokeni wote wawili. Mtu anataka kusema, nyie mnamziba." Tukatoka kama watoto. Walikaa ndani kuanzia adhuhuri mpaka baada ya alasiri. Tulisikia kucheka mara mbili, na mara moja tukasikia kilio, hatukujua ni cha nani.

Alipotoka akatuambia barazani: "Anajua. Anajua tangu siku ile mlipotoka korido. Anasema mlikuwa mnacheka kwa mdomo, macho yanalia. Anawahurumia mnavyohangaika kumficha, ndiyo maana na yeye akajifanya hajui."

Nisikilizeni jamani. Miezi yote ile mama alikuwa anatuuguza sisi.

Mzee wa Masasi

Nimesoma kwa heshima, na pole kwa msiba. Lakini naomba nipingane kidogo. Mzee wangu aliambiwa na daktari uso kwa uso kwamba hana muda. Alirudi nyumbani, akajifunika shuka, akakataa uji, wiki haikuisha tukazika. Kabla ya pale alikuwa anatembea mpaka msikitini. Kwetu sisi mgonjwa hupewa matumaini. Hata dini inatuambia ajali ya mtu, yaani siku yake ya kufa, iko kwa Mungu, daktari ni nani aitaje siku?

Binti wa Mikindani

Mzee wangu, shikamoo. Sikupingi kwa mzee wako, na kilichotokea kinaumiza. Mtu akitupiwa habari kama ile halafu akaachwa peke yake na shuka, ni ukatili. Ila tazama: mama hakuna aliyemwambia. Muuguzi hakumtajia siku wala mwezi, mpaka mwisho hakumtajia. Alimuuliza tu, halafu akakaa kimya kusubiri jibu. Aliyekuwa anajua alikuwa mama mwenyewe. Tofauti ninayoiona ni kati ya kumtwisha mtu habari asiyoiomba na kumnyima nafasi ya kusema anayoijua tayari. Kuna wagonjwa hawataki kusema, na hao waachwe. Wa kwangu alitaka.

Na matumaini hayakuisha. Yalibadilika tu. Alikuwa na tumaini la kumuona mjomba.

Mzee wa Masasi

Marahaba binti yangu. Hilo la kuuliza nimelisikia. Sikuwahi kumuuliza mzee kitu.

Muuguzi Kusini

Nafanya kazi hii, naomba niongeze kidogo kwa faida ya wanaouguza.

Hofu ya mofini ndiyo inayotusumbua kuliko dawa yenyewe. Ikitolewa kwa kipimo na kupandishwa polepole kulingana na maumivu, haimuui mgonjwa wala haimfanyi teja. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa ngazi za maumivu ya saratani mwaka 1986: unaanza na dawa kama panadoli, ikishindwa unapanda, juu kabisa ndipo ilipo mofini. Kwa hiyo si dawa ya kienyeji ya kumalizia watu, ni matibabu. Wenzetu Uganda walianza kutengeneza mofini ya maji kwa bei ndogo miaka ya 1990, unga unachanganywa na maji na kihifadhi, na imesaidia watu kufia majumbani mwao bila kupiga kelele. Tahadhari moja: figo zikianza kushindwa, jambo la kawaida kwenye saratani hii kwa sababu uvimbe unabana mirija ya mkojo, kipimo kiangaliwe upya. Mgonjwa akisinzia kupita kiasi au akaanza kurukaruka misuli, piga simu, usijiamulie.

Aliyeiweka kazi hii kwenye misingi inayofuatwa leo ni Cicely Saunders, alianza kama muuguzi, akaishia daktari, akafungua nyumba ya wagonjwa London mwaka 1967. Alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekufa yana sehemu ya mwili, sehemu ya moyo, sehemu ya jamaa zake na sehemu ya imani, na ukitibu moja ukaacha nyingine bado ataumia. Dada hapo juu ametueleza hilo hilo kwa chumba kimoja cha Mikindani. Mama asingeweza kumwita kaka yake wakati harufu bado ipo.

Mwali wa Newala

Mimi sikuwahi. Kaka yangu alikuwa hospitali ya Ligula, Mtwara, mimi Newala, nikasema nitashuka kesho. Naomba nisiandike zaidi.

Binti wa Mikindani

Mwali, mdogo wangu, nakuona. Usiandike, kaa nasi tu.

Muuguzi, ahsante. Hapo uliposema sehemu ya jamaa, ndipo habari ya mjomba inapoingia.

Wa kusini mnajua, mjomba kwetu ndiye mwenye neno. Mama na kaka yake waligombana kwa mikorosho 14 iliyopo mpakani mwa mashamba yao. Miaka tisa. Kwenye misiba walikaa pande mbili za turubai. Mwaka mmoja mjomba alipiga salfa, dawa ya ukungu, mikorosho yake, alipofika kwenye ule mstari wa ugomvi akauruka, mama akasimulia jambo hilo kama vile amepigwa kofi.

Mama alipomtuma somo wake kwenda Nanguruwe, sikuamini kwamba mjomba atakuja. Alikuja kesho yake, amevaa kanzu ya Ijumaa na siku ile ilikuwa Jumanne. Akakaa mkekani karibu na mlango, mbali na kitanda.

"Dada, nimekuja."

"Nimekuona."

Kimya. Kimya kirefu mpaka nikasikia jogoo wa nyumba ya tatu. Saa ya simu yangu ikalia, saa nane, saa ya dawa. Nikainuka na sirinji. Mjomba akanyoosha mkono akaichukua. Mkono ulikuwa unatetemeka, ilibidi nimshike kiwiko. Akamnywesha dada yake polepole, akamfuta pembe ya mdomo kwa kidole gumba. Mama akasema, "Ile mikorosho chukua saba." Mjomba akasema, "Sikuja kwa mikorosho." Mama akasema, "Najua. Chukua saba." Hapo mjomba akalia, na sijawahi kumuona mwanamume wa umri ule akilia vile, mabega yote. Wakasameheana duniani na akhera, kwa maneno yenyewe yanayosemwa, mbele yetu. Kuanzia siku ile dawa ya saa nane ikawa ya mjomba. Alikuwa anakuja kwa bodaboda kutoka Nanguruwe kumpa dada yake kijisirinji kimoja cha maji machungu, halafu anakaa mpaka magharibi.

Daftari. Mama alikuwa na daftari la shule la kurasa 64, la madeni. Akalifungua na mdogo wangu. Waliokuwa wanamdai ni watu wawili, mmoja mwenye ngalawa, shilingi 37,000 za samaki wa Juni. Aliokuwa anawadai ni kumi na mmoja. Akapiga mstari majina yote kumi na moja mwenyewe, kalamu ikaisha wino kwenye la nane, wakatafuta nyingine. Mdogo wangu, ambaye ndiye aliyekuwa anasema "usijitabirie", ndiye aliyekwenda kulipa zile 37,000. Mwenye ngalawa akazikataa. Mdogo wangu akaziacha juu ya ubao wa ngalawa akaondoka, kwa sababu alitumwa alipe, hakutumwa abishane.

Alichompa mdogo wangu mwenyewe si maneno. Alimwambia, "Nikate kucha." Kucha zilikuwa zimekuwa ndefu na ngumu. Akakaa sakafuni na wembe na bakuli la maji ya vuguvugu, akaloweka mguu ule uliovimba kwanza, akakata kucha kumi za miguu na kumi za mikono kwa muda wa saa nzima. Hakusema utapona tena baada ya siku ile.

Mjukuu wake, binti yangu, yupo darasa la saba. Mama akamwita akamuuliza kama ameshachanjwa ile chanjo ya wasichana. Serikali ilianza kuitoa mashuleni nchi nzima mwaka 2018, kwa virusi vinavyosababisha saratani hii hii. Binti yangu akasema siku waliyokuja hakuwepo, nilimzuia mimi, nilisikia maneno ya mitaani kwamba inafunga kizazi. Mama hakunigombeza. Akasema tu, "Huyu akachanjwe. Na wewe kapimwe." Nilipimwa wiki ileile, wanapaka siki kwenye mlango wa kizazi wanaangalia kama panageuka weupe, dakika chache tu, nikarudi na majibu kuwa niko salama. Akaomba aone karatasi. Akailaza chini ya mto.

Wanawake mnaosoma, mkishafika hapa wekeni simu chini mpange siku.

Nahodha Mstaafu

Mwenye ngalawa ni rafiki yangu. Zile pesa alizipeleka msikitini, nilikuwepo.

Binti wa Mikindani

Sikujua. Ahsante baba.

Chuma cha Nachi

Dada, baba naye jana kwenye simu alianza kusema kitu kuhusu hati ya kiwanja, nikamkatiza nikamwambia apumzike. Nimesoma hapa nikajisikia vibaya mno. Swali: ulimuaga wewe? Hujasema ya kwako.

Binti wa Mikindani

Umeniuliza pale ninapowekaga simu chini.

Mimi nilikuwa mtu wa sirinji na saa. Nilipanga nani aingie lini, nani asimchoshe, nani aletewe chai. Wote waliaga, mimi nahesabu mililita. Usiku mmoja, baada ya kipimo cha saa nne, nataka kuzima taa, akanishika khanga. "Umewaita watu wote. Wewe hujakaa."

Nikakaa. Kwanza akaniuliza ninavyopika mchuzi wa samaki huko Mbagala. Nikamweleza. Akasema naweka tui zito mapema mno, ndiyo maana linakatika. Tukaongea tui kwa muda mrefu kabisa. Kisha akasema:

"Ule mwaka nilipokutoa shule wiki mbili kwa ajili ya unyago, ukakosa mtihani wa wilaya. Mwalimu alinifuata nyumbani akaniambia tarehe. Nilijua. Nikanyamaza, kwa sababu wenzako wote walikuwa wanachezwa na niliona haya kukubakiza. Nisamehe."

Nilikuwa na miaka 13. Sikuwahi kumwambia kwamba nalikumbuka. Nalikumbuka kila ninapojaza fomu yoyote penye mstari wa elimu. Nikashindwa kusema "hakuna kitu mama", maana lingekuwa "utapona" jingine. Nikasema, "Liliniuma mama. Nimekusamehe." Akafumba macho akasema, "Ndiyo. Nilitaka useme hivyo." Halafu akanipa radhi yake, na hayo maneno nitabaki nayo mwenyewe.

Siku nne za mwisho alilala zaidi ya kuamka. Muuguzi alishatuandaa: mkojo utapungua, ataacha kutaka chakula, msimlazimishe, pumzi itapanda na kushuka, itakuja sauti ya mkoromo kooni inayotisha ninyi kuliko yeye. Midomo tulimlowesha kwa pamba na maji. Mabibo ya mwanzo yalikuwa yameanza kuanguka, na mjomba akaleta moja kutoka kwenye ile mikorosho 14, jekundu, bado na korosho yake mbichi. Somo akalikamua kwenye pamba akamgusisha mama midomo. Akakunja uso wote kwa ule ukakasi, akafungua macho, akasema "la kwetu". Ni neno la mwisho nililolisikia vizuri.

Aliondoka mwanzoni mwa Oktoba, kabla ya adhana ya alfajiri. Tulishamgeuza kuelekea kibla. Somo ndiye aliyemlakinia shahada, mdomo karibu na sikio, taratibu kama anayembembeleza mtoto. Mjomba anasoma Yasini upande wa miguu. Mdogo wangu ameshika vile vidole alivyovikata kucha. Mimi nilikuwa nimeizima saa ya simu tangu usiku.

Muuguzi Kusini

Ahsante kwa kuandika hili la pumzi. Tunalieleza kila nyumba na bado watu wanakimbiza mgonjwa hospitali usiku wa mwisho, anafia kwenye bajaji.

Mwali wa Newala

Nimesoma mpaka mwisho. Kesho nakwenda kwa mke wa kaka. Kuna kitu kaka alimwachia aniambie, nimekuwa namkwepa tangu mazishi.

Mzee wa Masasi

Mungu amlaze pema. Nimewaita watoto wangu Ijumaa hii, ni mzima wa afya, ila nina daftari langu na mimi.

Chuma cha Nachi

Naandika nikiwa Nachingwea. Nilipanda basi siku ile ile. Nimemuuliza baba kama alivyouliza yule muuguzi: wewe mwenyewe unauonaje ugonjwa wako. Akanitazama, akanyamaza. Amenyamaza jana kutwa, nikadhani nimeharibu. Leo asubuhi baada ya uji ameniambia nimletee kalamu na daftari, na nimwite baba mdogo.

Binti wa Mikindani

Kalamu peleka mbili. Andika tarehe juu ya kila ukurasa, na muwe na mtu wa nje ya familia anayesikia. Umeshapata wa kumpa dawa ya maumivu? Niandikie pembeni, nikuunganishe na muuguzi wetu, ana wenzake wa upande wa huko. Hilo lianze leo, kabla ya daftari.

Chuma cha Nachi

Nakuandikia sasa hivi. Anaumia sana usiku.